Wasifu wa Fundi Miguu, Pamoja na Aya Isiyochapishwa

Ndugu, majirani, mafundi na wateja wa marehemu, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Mimi ni binti yake wa kwanza, na ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Mwenye programu afungue ukurasa wa tatu anifuatilie. Ila nawaomba mapema: nitakapofika mahali ambapo kwenye programu yenu hapana kitu, msidhani nimepotea. Nitakuwa nasoma karatasi yangu mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mpasua mbao na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama. Akiwa na miaka minane alitaka kujua ni nini kinacholia ndani ya kitanda cha bibi huyo. Alikifungua, akatoa springi kumi na moja, akazipanga ukutani kuanzia ndefu hadi fupi. Bibi alipokuja kujilaza mchana alizama mpaka sakafuni. Akapiga kelele, "Mjukuu wangu, njoo unitoe! Mungu mwenyewe hajaniita huko chini, wewe una haraka gani?" Hakumchapa. Alimwambia azirudishe zote, na siku hiyo hakuonja chakula mpaka kitanda kikaacha kulia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu na kuchora alikuwa moto wa kuotea mbali. Ripoti yake ya darasa la sita mama anayo mpaka leo, na mwalimu wake aliandika maneno machache tu: "Ana akili. Akiwa hajui, haulizi." Aliendelea na shule ya ufundi, akapata cheti cha umakanika mwezi Novemba 1974.

Januari 1975 aliajiriwa katika karakana ya idara ya barabara, akakaa miaka kumi na mitatu. Huko ndiko alikobobea katika kile mafundi wanachokiita miguu ya gari, yaani springi, shokapu na bushi zake. Tarehe 2 Mei 1988 alifungua gereji yake mwenyewe kwenye kona ya barabara ya sokoni, yenye mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari na paa la mabati, nanyi wengi wenu mmewahi kuketi kwenye lile benchi lake la kiti cha basi. Jina la Fundi Miguu alipewa hapo. Gari likivuka tuta barabarani, yeye akiwa chini ya gari jingine, alikuwa akisema, "Bushi ya nyuma, kushoto," na ikifunguliwa ni hiyo hiyo. Fahari yake kubwa ilikuwa ahadi. Akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Hakuwahi kumwambia mteja "njoo kesho," na alikuwa akiwacheka mafundi wanaosema hivyo.

Alifunga ndoa na mama yetu Jumamosi, tarehe 7 Julai 1984. Mama alikuwa fundi cherehani aliyeshona ovaroli za karakana. Baba alirudisha ovaroli yake mara tatu akilalamika kwamba mifuko ni midogo. Mara ya nne mama aliweka mkasi chini akamwambia, "Kaka, mifuko hii haina ugonjwa. Sema kilichokuleta." Walijaliwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kike, na kitinda mimba wetu wa kiume.

Katika miaka kumi na tisa ya mwisho, marehemu alifahamika hasa kwa msimamo wake. Vijana wanapenda gari likae chini, karibu lilambe lami, na njia ya mkato ni kukata springi zake. Marehemu alikataa kabisa. Aliandika ukutani kwa rangi nyeupe: HAPA HATUKATI SPRINGI. Walikuja watu kutoka mbali, wakambembeleza, wakaondoka na magari yao yakiwa vilevile yalivyokuja. Mwaka 2013 umoja wa mafundi ulimtunukia cheti cha uadilifu.

Hapo ndipo aya hiyo inapoishia kwenye programu yenu. Baba mdogo ndiye aliyeipeleka kwa mchapaji ikiwa imekatwa, na simlaumu. Aliniambia juzi, mbele ya mama, "Aibu ya nyumba ni nguo ya ndani. Huianiki barabarani." Nilimjibu kwamba mwenye nguo mwenyewe alitaka itoke nje. Kwa hiyo naendelea.

Mwezi Mei 2005 alikuja gereji mwalimu mmoja wa hesabu, kijana wa miaka ishirini na saba, aliyekuwa anakaribia kuoa. Alikuwa na gari dogo jeupe na alitaka likae chini kidogo siku ya harusi. Hakuomba springi zikatwe. Aliagiza springi fupi, zile zinazotengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari la aina hiyo, na marehemu akamwambia zitafika na zitafungwa kabla ya harusi. "Lini?" mwalimu akauliza. "Alhamisi," akajibu.

Alhamisi tarehe 19 Mei springi zilifika, na zilikuwa za gari jingine. Marehemu alikuwa na neno moja tu la kusema: hazijapatikana, ndugu yangu, oa na gari lako lilivyo. Hakulisema. Alizitoa springi za mwanzo, akakata mzunguko mmoja na nusu kila moja kwa grenda, akazipaka rangi nyekundu zifanane na mpya, akazifunga. Jioni ile mwalimu alichungulia chini ya gari, akaona wekundu, akampa mkono. Marehemu aliupokea.

Mafundi mlioko hapa mnajua, lakini wengine niwaeleze alivyonieleza yeye. Springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko nafasi yake, na ncha yake haikai vizuri kwenye kikalio, kile kisahani cha chuma kinachoishika. Gari likiwa limetulia, uzito unaibana mahali pake. Tairi likining'inia ghafla juu ya shimo, springi inalegea na inaweza kuchomoka.

Jumapili tarehe 29 Mei, siku nane baada ya harusi, mwalimu na mkewe walikuwa wanatoka kuwasalimia wazazi wa mke. Karibu na daraja dogo palikuwa na shimo. Springi ya mbele kushoto ilichomoka, gari likavuta upande, likagonga nguzo ya daraja. Mwalimu alitoka na mikwaruzo. Mkewe alikatwa mguu chini ya goti, akiwa na miaka ishirini na nne.

Gari lilivutwa mpaka gereji ya marehemu, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Jumatatu asubuhi, kabla mkaguzi hajafika, marehemu alizitoa springi zile nyekundu akafunga nzima alizozitoa kwenye gari bovu la aina hiyo hiyo. Mkaguzi alikagua, akasema miguu ya gari haina kasoro, akaandika kwamba dereva alikuwa mwendo wa tisini. Marehemu alikuwa amesimama pale akifuta mikono. Mkaguzi alimuuliza, "Fundi, una la kuongeza?" Akasema, "Sina."

Kaka zake yule bi harusi walimchukua dada yao kutoka hospitali wakampeleka kwao. Ndoa haikumaliza mwaka. Mwalimu hakushika usukani tena. Mnamwona akienda shuleni kwa miguu, mvua, jua. Na ninyi nyote mnajua anaitwaje mitaani, na kwamba mimi pia nimemwita hivyo, nikacheka: Mwalimu Tisini.

Maandishi ya ukutani yaliandikwa mwezi uliofuata. Tulidhani ni msimamo, kumbe ilikuwa hofu. Cheti cha uadilifu mama alikuwa akikitundika sebuleni, baba anakitoa anakiweka nyuma ya kabati, mama anakitundika tena. Tulidhani ni unyenyekevu.

Ugonjwa wa marehemu ulianza tarehe 3 Oktoba 2023, alipopata kiharusi cha kwanza. Kilimgusa mkono tu. Wiki mbili baadaye, nikiwa namnyoa ndevu, ndipo aliponieleza yote haya. Kisha akasema, "Nipeleke kwa mwalimu. Nataka kumwambia mwenyewe, ulimi ungali wangu."

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo si ya baba, ni ya kwangu, nayo ndiyo inayonifanya nisiweze kuwatazama usoni.

Nilimwambia asubiri. Harusi ya mdogo wetu ilikuwa Desemba, na nilifikiria wakwe watakavyotuangalia. Nilimwambia, "Baba, acha harusi ipite." Akakubali. Harusi ikapita. Mwezi Januari akaniuliza, "Tunakwenda lini?" Nikamwambia, "Ukipata nguvu." Tulipanda naye ngazi za hospitali mara mbili wiki ile, kwa hiyo nguvu alikuwa nazo. Asiyekuwa na nguvu ni mimi.

Tarehe 9 Februari 2024 kiharusi cha pili kilimchukua ulimi. Tangu siku ile hakutamka neno. Mwezi Aprili aliomba karatasi kwa ishara, akaandika kwa mkono wa kushoto, kwa taabu kubwa, herufi tatu: MWL. Mama akaniuliza, "Anasema nini?" Nilijua. Nikamjibu, "Anataka mwalimu wa kumfundisha kusema tena." Baba alinisikia. Alinitazama, kisha akageukia ukuta. Nimemzoea baba yangu kwa miaka thelathini na minane, na sikuwahi kumwona akinionea aibu ila siku hiyo.

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, mama akiwa amemshika mkono.

Jumatano nilimweleza mama. Akasema, "Ndiyo maana cheti kile hakukitaka." Akainuka, akakitoa ukutani mwenyewe.

Jumatano hiyo hiyo nilimpigia simu yule aliyekuwa bi harusi. Ana maisha yake sasa, na watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante kwa kuniambia. Suala la msamaha msiniulize leo." Sikumuuliza.

Alhamisi nilikwenda kwa mwalimu. Nilimkuta chumbani kwake, anasahihisha madaftari. Nilikataa kiti, nikaeleza nikiwa nimesimama. Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikuwa hamsini," akasema.

Sikuelewa. "Hamsini nini, mwalimu?"

"Mwendo. Nilikuwa hamsini. Mke wangu alikuwa ameshika sufuria ya mama yake mapajani, nisingekimbia. Siku ya kwanza niliwaambia hamsini. Wakaniambia tisini. Shemeji zangu, tisini. Polisi, tisini. Mwaka wa pili nikaanza kusema huenda ilikuwa sabini. Mwaka wa tano nikakubali." Akaivaa miwani. "Binti, ulilijua hili tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Yeye akiwa anaongea?"

"Akiwa anaongea. Alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nilingoja anifukuze. Ningekuwa yeye ningenifukuza. Aliniambia, "Ungemleta ningemfokea. Pengine ningempiga. Lakini ungemleta." Halafu nikamuuliza kama nisome hadharani au ninyamaze, maana safari hii sikutaka kuamua peke yangu. Akasema, "Soma. Mimi nitakuja. Usinionyeshe kwa kidole." Amekuja, na sitamwonyesha.

Kwa hiyo, mbele ya wote waliokuwa wakimcheka, tukiwemo sisi wa nyumba hii: mwalimu alikuwa mwendo wa hamsini. Aliyeharibu lile gari ni fundi, na fundi ni baba yetu. Barua ya maelezo haya, yenye sahihi yangu na ya mama, ilipelekwa jana polisi na kwa wazazi wa mwanamke yule. Jina lile la mitaani lizikwe hapa leo.

Mtauliza kama tulimpenda. Tulimpenda sana. Alikuwa mtu mpole, aliyewafundisha kazi mafundi kumi na wanne, na hakuwahi kuinua mkono juu ya mkewe wala mwanawe. Upole huo na kosa lile vyote vilikaa ndani ya mtu mmoja, na mimi sijui kuvitenganisha, wala sijaribu.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wajukuu wanne, ndugu wawili, na dada mmoja aliyeko kitandani ambaye hakuweza kufika.

Hatuwaombi mumsifu. Tunawaomba mtusaidie kumzika, kila mtu na koleo lake la udongo, hata mwenye hasira. Na Mungu, anayejua kuhukumu na kuhurumia kwa wakati mmoja, ampokee kwa yote mawili.

Lala, baba. Nimechelewa, lakini nimekwenda kwa mwalimu.