Bwana Shamba Isidori na Bilinganya za Ilembo

Bwana Isidori Malale anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi wa kilimo hapa Mpanda. Mwese mpaka Kibaoni amekwenda kwa miguu zaidi kuliko kwa gari, na magoti yake yanajua. Ofisini tumezoea kumwona akivua viatu kabla hajasalimia.

Yeye angependa tusifie mbegu zake za mahindi. Tutaeleza ya bilinganya, maana ndiyo yaliyomchosha kuliko yote.

Mwaka 1992 nyuki wakubwa weusi walitoboa boriti za maghala Ilembo. Isidori alipita nyumba kwa nyumba akifundisha watu kumwaga mafuta ya taa kwenye matundu. Nyuki wakaisha. Msimu uliofuata bilinganya zikachanua vizuri, kisha maua yakapukutika bila tunda. Mama Nyanzala, mjane ambaye shamba lake la bilinganya ndilo lilikuwa tegemeo la wanawe, alimwambia, "Bwana shamba, nimechoka kupalilia maua."

Isidori alishinda shambani humo siku nne na kioo cha kukuzia. Akaona kwamba vile vifuko vya manjano katikati ya ua, vinavyobeba chavua, havipasuki ubavuni. Vinafunguka vitundu viwili tu nchani, na chavua inabaki ndani mpaka vitikiswe. Nyuki wa asali walitua, wakaondoka kapa. Siku ya nne akaja nyuki mweusi mmoja, akalikumbatia ua, akanguruma. Chavua ikamwagika kama unga.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, "Nyie hamna kosa. Mimi ndiye niliyewamaliza wale nyuki." Baadhi ya watu walinyanyuka wakaenda zao.

Waliobaki aliwafundisha kugonga maua kwa bua la nyasi, moja moja, kila asubuhi jua likishakausha umande. Kwa Mama Nyanzala aligonga mwenyewe wiki tano, mpaka kifundo cha mkono kikavimba. Matunda yalishika, hayakuwa mengi, ila nyumba ile haikulala njaa. Pembezoni mwa mashamba yakaachwa magogo makavu ili nyuki watoboe humo badala ya boriti, na mwaka jana nyuki weusi walirudi.

Bwana Isidori, tunakushukuru. Wengi wetu tumewahi kukosea shambani kwa watu, wewe ulirudi. Nenda kapumzike, uketi mpaka uchoke kuketi, na Mungu akupe siku nyingi zisizo na safari.