Shuka la Dada Yangu Mbele ya Simba

Asifiwe Bwana aliyenitoa mdomoni mwa simba, mimi mzee wa Dirma! Shule niliishia darasa la pili, lakini mali yangu niliitafuta mwenyewe. Ndivyo nilivyowaambia siku zote. Leo nasema kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa ukame. Mchana, tukinywesha ng'ombe bwawani, simba akatokea. Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu mkubwa, huyu Mama Rebeka aliyekaa benchi la mbele. Kwetu, ndugu zangu, kijana aliyeua simba alipakwa samli, akapitishwa kwa jamaa, kila boma likampa ng'ombe. Nikaona utajiri umejileta.

"Mwache!" dada akasema. "Rudi kinyumenyume, umwangalie."

"Kaa na ndama wako, mwoga!"

Nikarusha mkuki, ukamwingia begani. Akageuka. Hapo mimi shujaa nikampa mgongo, nikakimbia! Hatua tano tu akaniangusha, akaushika mkono huu. Nikaficha shingo, nikamchoma vidole machoni. Hakuachia.

Dada hakukimbia. Alivua shuka, akalitandaza juu kwa mikono miwili, akawa mpana kama lango la zizi, akaja akipiga kelele, "Mwachie mdogo wangu! Toka, mbwa wewe!" Simba akaniachia, akaingia vichakani. Kesho yake alikutwa amekufa.

Nikawaambia watu nilipigana peke yangu. Dada akanitazama, akarudi kwa ndama wake. Nikapakwa samli, nikapewa ng'ombe, nikaringa. Hata nilipookoka niliendelea kuushikilia uongo huo, huku naimba haleluya!

Juzi simba alionekana tena, mkaniita niwafundishe vijana wanaochunga. Nikasimama, nikaanza kuwaambia: Usikimbie, usimpe mgongo, usichuchumae, jifanye mkubwa, piga kelele, akikushika pigana. Ndugu zangu, karibu yote hayo aliyafanya dada! Nikasingizia koo, nikakaa. Nikaenda kwake nikapiga magoti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umechelewa kufika, na nyumba zetu zimepakana."

Bwana alinifungua pale pale. Wewe unayeficha jambo, mwamini, simama useme.

Leo nina nyumba ya bati, shamba la mahindi, mbuzi kumi na mmoja, mkono mmoja wenye nguvu. Ng'ombe wa simba na uzao wao nimewahamishia zizini kwa dada. Na usoni kwake sasa naweza kutazama.