Siku Nilipomjibu Sheikh "Bado"

Assalamu alaikum. Na nyinyi wa kanisani, habari za mchana. Mtaniwia radhi, nitasema nikitembea. Nikikaa, mlio ulio ndani ya kichwa changu unapanda. Hata sasa uko, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Mwenye swali ainue mkono kwanza, nimtazame mdomo.

Mimi ni mtu wa hapa hapa Garissa. Ukame ulipomaliza mifugo yetu, niliingia kiwanda cha plastiki. Mnakijua kiwanda cha aina hiyo: mitungi mibovu, ndoo, makreti, vyote vinaingia kwenye mashine ya kusaga vinatoka chembechembe. Banda ni la mabati, juu na pembeni. Kelele ya visu inagonga bati, inarudi, inakugonga tena. Mimi ndiye niliyekuwa nalisha mashine. Tuliongea kwa mikono. Jioni nikitoka, mji mzima ulikuwa kama umefunikwa blanketi. Nikajiambia ni uchovu, nitalala utaisha. Na kweli mwanzoni ulikuwa unaisha.

Kisha ukaacha kuisha.

Ndugu zangu, masikio hayaondoki kwa kishindo. Yanaondoka kama mgeni asiyeaga. Kwangu zilianza kupotea herufi nyembamba. Mke wangu anasema "shaah," yaani chai, mimi nasikia "aah." Namuuliza, "Unaumwa?" Anacheka. Baadaye akaacha kucheka. Sauti za wanawake na watoto zikawa mbali, za wanaume zikabaki kidogo. Watu wakicheka barazani nadhani wananicheka mimi. Nikagombana na jirani kwa neno ambalo hakulisema. Nyumbani nikawa natoka, naingia, natoka tena. Mke wangu akaniambia, "Mbona huna utulivu, kama ngamia aliyepotelewa na ndama?" Hilo nililisikia kwa sababu alilisema kwa hasira.

Sikumwambia mtu. Mwanamume wa kwetu aseme hasikii? Nani atamwita tena kwenye kikao cha ukoo? Nikajifunza ujanja: mtu akisema, nasema "naam." Akicheka, nacheka. Nawaambia ukweli, nilikubali mambo mengi ambayo mpaka leo siyajui.

Basi binti yangu mkubwa akaposwa. Kijana mzuri, watu wake wa Mandera. Siku ya nikaha wazee wao wakafika na vumbi la safari yote ile. Turubai limefungwa, jenereta inanguruma nyuma kwa ajili ya kipaza sauti, mimi baba nimeketi mbele ya sheikh na kofia mpya. Sheikh ni mtu wa ndevu nyingi na anapenda kuinamisha kichwa akisema. Akaniuliza jambo. Mimi nikasikia, "Wageni wametimia?" Na kweli gari moja lao lilikuwa bado njiani. Nikajibu kwa sauti kubwa, kwa adabu zote: "Bado, sheikh. Tungoje kidogo."

Turubai lote likanyamaza. Nikafurahi. Nikaona watu wana heshima.

Kumbe sheikh aliuliza, "Binti ameridhia?"

Mnacheka. Chekeni, mimi pia nacheka siku hizi. Lakini siku ile mjomba wa bwana harusi alisimama. Nilikuja kuambiwa baadaye maneno yake: "Mzee, tumetoka Mandera kwa barabara ile, na binti bado hajakubali? Umetuita kutuaibisha?" Mimi nikamtazama, nikatabasamu, nikasema, "Naam, naam, karibuni sana." Walaal, ndugu zangu, wazee wao wakaanza kutafuta viatu!

Shemeji yangu alikimbilia nyumba ya wanawake. Nikaona vichwa vyote vinageuka. Binti yangu mwenyewe alikuwa amesimama ukingoni mwa turubai, na hina yake bado mbichi mikononi. Kwetu bibi harusi haji huko. Alisema polepole, akinitazama mimi, na sikuhitaji masikio, niliyaona maneno mdomoni mwake: "Mimi nimekubali. Aabo, baba yangu, hasikii. Ile mashine imemuua masikio, na sisi sote tumekuwa tukimfichia."

Nilitaka ardhi inimeze. Jambo nililolibeba miaka, limemwagwa mbele ya wakwe. Nikainuka niondoke. Nilifika kwenye kamba ya turubai. Yule mjomba aliyekasirika akanishika bega, akaashiria jenereta izimwe. Akanikalisha, akaketi mbele yangu magoti kwa magoti, akafungua mdomo kwa neno moja moja: "Binti yako, ameridhia?"

Nikasema, "Ameridhia." Nikalia mbele za watu. Nikaha ikafungwa jenereta ikiwa imezimwa, sheikh ameinua kichwa.

Hapo ndipo nilipogeuka. Binti yangu, hata wiki ya harusi haijaisha vizuri, akanipeleka hospitali. Wakaniingiza chumba kidogo kimya, wakanivisha vitu masikioni, wakaniambia bonyeza ukisikia sauti. Nikabonyeza, nikabonyeza. Daktari, mama mmoja mpole, akaja akaniandikia kwenye karatasi: "Mzee, sijawasha bado." Nilikuwa nabonyeza mlio wangu mwenyewe!

Akaniambia yaliyokufa ndani ya sikio hayafufuki, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Sikuipenda habari hiyo. Niliizunguka hospitali mara kadhaa kabla ya kukubali kurudi nyumbani.

Nikarudi kiwandani. Msimamizi akasema, "Wewe umezeeka tu." Nikamgeukia fundi wetu, Mkamba, kijana kwangu kabisa. Nikamuuliza kwa ishara, na wewe? Akainua mkono, akashika sikio, akasema, "Linalia. Mimi nilidhani ni dawa za malaria." Mama wa kuchambua plastiki naye akainua mkono. Kisha mwingine. Asubuhi iliyofuata tulisimama mlangoni tukidai vizibo vya masikio, hatukuwasha mashine. Bosi akaja. "Mkiziba masikio, mtasikiaje nikiwaita?" Fundi akamjibu, "Kwani sasa tunasikia, bosi?"

Haikuwa rahisi. Wawili walifukuzwa, wakarudishwa baada ya mkaguzi wa kazi kufika. Lakini leo kila anayekaribia mashine anavaa vizibo vya masikio, tunapokezana zamu, na upande mmoja wa mabati umeondolewa kelele itoke. Mimi nimehamia uwanjani, kwenye kuchambua. Nina kifaa cha kusikia sikio hili la kulia. Siku ya kwanza nilikitoa, nikasema kinanitukana: makandambili, karatasi, kijiko kwenye kikombe, vyote vinapiga kelele. Bado tunazoeana.

Nawashukuru. Mke wangu, aliyevumilia mtu asiyetulia. Yule mjomba wa Mandera, aliyezima jenereta badala ya kuondoka. Fundi na yule mama, walioinua mikono siku ambayo kuinua mkono kulikuwa na hatari. Daktari. Na binti yangu, aliyenivunjia aibu yangu kabla haijanivunja mimi.

Sina elimu ya kuwapa, nina neno moja tu. Nyinyi wa kuchomelea vyuma, wa posho mili, wa jenereta, wa kokoto: ukitoka kazini na sikio linalia, huo si uchovu. Sema siku hiyo hiyo. Mwambie mkeo, mwambie mwenzako, mwambie bosi mkiwa wengi.

Mwezi uliopita binti yangu alijifungua. Walinipa mtoto nimwadhinie sikioni, kama ilivyo sunna. Sikuweza kupima sauti yangu. Nikaanza kwa nguvu mno, mtoto akashtuka, akalia. Nikashusha sauti mpaka mimi mwenyewe sikuisikia tena. Lakini yeye alinyamaza. Alikuwa anasikiliza.