Saa ya Mashine ya Kufulia

Ndani ya basi, mama mmoja aliipakata saa ya mashine ya kufulia, ile ya kuzungusha kupanga muda, kama kichanga mwenye homa. Bila kuulizwa, akamwambia mshonaji aliyekaa pembeni yake, "Inakwama katikati, nguo zinabaki zinaogelea. Mkwe wangu kaiua. Jana nimemsema mbele ya wageni mpaka akatoka sebuleni."

"Yangu niliiua mwenyewe," mshonaji alicheka. "Nilikuwa naizungusha kinyumenyume ili isuuze tena. Kumbe ni ya kwenda mbele tu, ukiirudisha meno ya ndani yanakatika."

"Hata ukiirudisha taratibu?"

"Hata ukiibembeleza."

Mama akaitazama saa mapajani. Kila mkwewe alipokwenda uani, yeye ndiye aliyenyata kwenda kuirudisha nyuma, maana hakuamini kama yule binti anajua kusuuza.

Simu ikaita. "Mama, usihangaike na fundi," mkwe alisema, sauti ikisikika hadi kiti cha nyuma. "Nguo zako nimezifua kwa mkono. Nisamehe kwa mashine."

Basi likasimama. Mshonaji alikuwa anamtazama.

"Nimekusamehe, mwanangu," mama akasema, akashuka upesi bila kuaga.