Maziwa ya Mwanamke Anayelia

Wachungaji, wazee, akina mama mlioketi chini hapa uani tangu jana, mimi ni Josaphat, kaka mkubwa wa baba yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mtoto wetu Kanyere Bénite, maisha mafupi kiasi kwamba mzee mmoja aliniuliza asubuhi kama kuna la kusoma, nami nikamjibu kwamba lipo, na kwamba mama mzazi ameomba lisomwe lote.

Marehemu alizaliwa hapa Butembo, tarehe 14 Machi 2003, mtoto pekee wa mdogo wangu Muyisa na mkewe Providence, binti wa kutoka Kayna, lakini baba yake hakumwona, kwa kuwa alifariki Novemba 2002 kule Kasindi, alikokuwa akiwaandalia wenye malori karatasi za forodha, akiwa amekohoa na kukonda mwaka mzima, nasi tukasema ni sumu ya wenye wivu, maana kwetu mtu mwenye kazi nzuri hafi hivihivi. Tulimtafuta mchawi mpaka tukachoka, na damu ya mdogo wangu hakuna aliyefikiri kuipima.

Aliyepimwa ni Providence, Desemba ileile, kwa ajili ya mimba, akaambiwa kwamba ana virusi vya ukimwi. Muuguzi wa kituo cha afya alimpa kidonge cha kumeza uchungu ukianza, na mtoto alipozaliwa akapewa matone yake, kisha mama akafundishwa kwamba, kwa kuwa hawezi kupata maziwa ya kopo kila wiki, amnyonyeshe mtoto miezi sita, ziwa peke yake, bila maji, bila uji, bila majani ya kienyeji, kwa sababu chakula kingine huchubua utumbo mwororo wa mtoto mchanga na kuufungulia ugonjwa mlango. Maneno hayo aliyafungia moyoni, asimwambie mtu hata mmoja, akijua jinsi ukoo wetu unavyomtazama mjane.

Mwezi wa Aprili, kwa desturi, mzazi alipelekwa Alimbongo kwa mama mkwe wake, mama yangu Kyakimwa, apumzike na kutunzwa, na hapo ndipo pa kusikitika, kwa sababu mama yangu aliamini, kama alivyofundishwa na mama yake, kwamba maziwa ya mwanamke anayemlilia mume yameingiwa na machozi, hayashibishi. Kila Providence alipoteremka kisimani, bibi alimnywesha mjukuu uji wa mtama, akamfuta mdomo na kumrudisha kwenye mkeka, akisema na nafsi yake, kama alivyotuambia jana, “Mutoto wa Muyisa hapana kufa na njaa mu nyumba yangu.” Providence aliusikia uji kwenye pumzi ya mtoto, akamwomba mama mkwe aache, akaulizwa sababu, akaificha, maana kuitaja kungekuwa ni kufukuzwa kwake. Akaanza kumbeba mtoto popote, shambani, kisimani, kanisani, na wanawake wakasema ana roho ngumu, anamnyima mtoto chakula.

Kuhusu masomo, marehemu hakusoma. Mwezi wa Juni vita ilipopanda barabara, walikimbia, bibi, mama na mtoto, kwa miguu kupitia Lubero mpaka hapa Butembo, mama akila viazi vibichi na maziwa yakipungua, na kwa hiyo bibi akapata haki yake, uji ukatolewa hadharani, ukichanganywa na maji ya kijito chochote, na Providence, ambaye hakuwa na nguvu ya kubishana, akanyonyesha juu ya uji huo. Marehemu hakufanya kazi yoyote, hakuolewa, hakuacha mtoto, tunasema haya kwa sababu ndivyo historia zinavyosomwa.

Ugonjwa ulianza Julai kwa kuhara, ukafuata utando mweupe mdomoni, homa, na ngozi iliyolegea, mpaka Oktoba tulipompeleka hospitali Beni, ambako daktari alitueleza kwamba kipimo cha hakika hufanywa mtoto akifikisha miezi kumi na minane. Hakufika. Alifariki Beni tarehe 18 Novemba 2003, saa nne asubuhi, akarudi Butembo kwa pikipiki, mgongoni mwa mama yake, amefungwa kitenge kama aliye hai, kwa sababu kwenye barriere, vizuizi vya barabarani, askari hudai chao hata kwa maiti. Basi hatujui kama ni virusi, au ni maji, au ni vita, wala hatutajua, na anayewaambia kwamba anajua anadanganya.

Jana Providence alitueleza yote niliyosoma. Wazee waliniomba niseme malaria, lakini yeye alisema kwamba hapa uani wamo wanawake waliopewa mafundisho yaleyale na wanaonyamaza kama alivyonyamaza yeye. Mama yangu, uliyeketi mbele yangu, ulimpenda mtoto huyu, hilo nalisema nikiwa na uchungu, na hasira yangu sijui niipeleke wapi.

Tunawashukuru waganga wa hospitali ya Beni, muuguzi aliyesema kweli mapema, majirani waliotoa mbao za sanduku, na wenzake Muyisa wa Kasindi, maana mtoto hakuwahi kuwa na wenzake. Wazee wameamua kwamba tukitoka kaburini Providence arudi kwao Kayna, na barabara bado ni mbaya, na mimi nimepiga magoti mbele yao bure. Maziwa yangali yanamtoka, yamelowesha kitenge chake, na aliyeketi karibu naye amesogea mbali, yasimguse.

Bénite, mtoto wetu, pumzika, kwa amani ile tuliyokunyima sisi.