Mama na Dole Gumba la Pili

Ndugu waombolezaji, wajomba zangu wamenipa nafasi nisome maisha ya mama, wakaniomba nisitaje aibu za watu, na ombi lao nimelisikia, sikusema nimelikubali.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa nne wa mpiga chapa na muuguzi, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, akaingia chuo kikuu kusomea wanyama, na mwaka 1985 akaajiriwa katika maabara ya vinasaba, chumba chenye dirisha moja na majokofu yanayonguruma, alikofanya kazi mpaka akastaafu.

Tarehe 14 Desemba 1988 alifunga ndoa na bwana yule wa mstari wa mbele mwenye miwani myeusi, afisa wa bima, ambaye leo analia kwa sauti kubwa kuliko sisi tuliomuuguza, na tarehe 2 Juni 1990 nikazaliwa mimi, binti yao wa pekee, nikiwa na dole gumba la pili mkono wa kulia. Bibi mzaa baba alinifunua shuka akasema mbele ya wauguzi, "Kwetu hakuna kitu kama hiki. Muulizeni fundi viatu wa pale kona, yeye analo." Ni kweli fundi viatu alikuwa nalo, na kosa lake jingine lilikuwa kumshonea mama viatu. Baba hakuuliza swali hata moja, akabeba redio na pasi, akarudi kwa mama yake, mwanaume mzima mwenye ndevu. Fundi viatu alitukanwa mpaka akahama mtaa.

Mama alirudi maabara. Alichunguza paka, kuku na watu wenye vidole vya ziada, viumbe wasiojuana kiukoo, na kwa miaka mingi yeye na wenzake wakaona kwamba kwa wengi wao jeni ya vidole yenyewe ni nzima, ila kile kipande kidogo cha kuiwasha na kuizima, tuseme swichi yake, kimebadilika herufi moja ya vinasaba, huyu hapa, yule pale, na kwamba swichi hiyo hiyo iliharibika kwa nyoka, wakabaki bila miguu. Yaani umbo lile lile huweza kutokea tena na tena bila watu kuazimana damu, jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa shule ya msingi, na ukoo fulani unalitafakari hadi leo.

Mwaka 2004 baba alitaka kuoa tena, wakwe watarajiwa wakauliza habari zangu, naye akaja maabara akiwa amefuatana na mama yake, akanyoosha mkono utolewe damu, akasema, "Pima. Uaibike kwa vipimo vyako mwenyewe." Mama alimwachia mwenzake apime, na fundi viatu naye akaja kwa hiari yake. Majibu yalipotoka, herufi ya fundi ilikuwa imebadilika mahali pengine kabisa, na yangu ilikuwa sawasawa na ya baba. Ndipo bibi akasema, kana kwamba anasimulia habari za kukata kucha, "Mwanangu alizaliwa nalo. Lilikuwa dogo, nikalifunga uzi likaanguka. Nani angetaka watu wajue?" Baba alikuwa na kovu la uzi huo mkononi maisha yake yote, lakini yeye si mtu wa kuuliza.

Wiki iliyofuata baba alibisha hodi kwetu akamwambia mama, "Tusahau, mama, tuanze upya." Mama, akiwa anaosha vyombo, akamjibu, "Nina kazi. Funga mlango, nzi wanaingia."

Mama aliugua saratani ya kongosho tangu Januari 2023, akafariki asubuhi ya tarehe 11 Agosti, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari waliotuambia ukweli bila kutuzungusha, majirani waliotufulia mashuka, wenzake wa maabara, na fundi viatu, aliyekuja kumwona kila Jumapili. Bwana wa mstari wa mbele ameomba azungumze baada yangu, na familia imekataa.

Lala kwa utulivu, mama, huna tena mtu wa kumthibitishia lolote.