Mvua Imegeuka Upande

Leo, tarehe thelathini, Mama Unyevu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza kadi za salamu kwa mikono. Wageni wetu watatusamehe kwa kumtaja kwa jina ambalo halimo kwenye kitambulisho chake. Hapa karakanani hakuna anayemwita vingine, na ukimwita kwa lile la kitambulisho, hageuki.

Jina hilo lilitokana na onyo alilotupa kila asubuhi: karatasi iwe na unyevu, isiwe na maji. Ya maji huchanika, kavu haifundishiki. Alianzia kwenye meza ya bahasha, akikunja na kugundisha, kisha akahamia chumba cha kukaushia, na huko ndiko alikokaa. Kazi yake ilikuwa kuiandaa karatasi ambayo picha hubandikwa juu yake. Aliilaza ikiwa na unyevu juu ya kitu chenye mikwaruzo, akaisugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao, akaiacha ikauke, halafu akaibandua taratibu. Karatasi iliondoka na sura ya kile ilicholalia. Wengine walibandika juu yake ndege wa kipupwe, shuke la mavuno au taa ya mwaka mpya. Mnunuzi husifu ndege, lakini kidole chake hakitoki kwenye karatasi.

Hakuna kitu kilichokuwa salama mbele yake. Magunia, vichana, mikeka, soli za viatu, vyote vilipita chini ya kijiko chake. Meneja wetu wa zamani alikuwa na koti la mistari minene, la kuvaliwa siku za wakubwa. Siku moja, kabla ya mkutano na wakubwa hao, alilivua akalitundika kwenye kiti, akaenda kunawa. Aliporudi alikuta mkono mmoja wa koti umelazwa mezani chini ya karatasi, na Mama Unyevu akimwomba, kwa adabu zote, asubiri kidogo tu. Mkutano haukusubiri. Meneja aliingia na mkono mmoja umelowa hadi kiwikoni, akaketi upande wa dirishani. Kadi za kipupwe za mwaka ule ziliisha kabla baridi haijaanza, na koti likaja kuachwa karakanani moja kwa moja.

Kila karatasi aliikagua akiwa amefumba macho, kwa mgongo wa kidole cha shahada, kwa sababu ncha za vidole, alisema, zimeshazoea kusifu. Ikiwa haijashika sura vizuri, alitamka neno moja: imelala. Ikishika, aliipitisha kimya. Tumefanya naye kazi miaka na miaka na bado tunalisikia neno hilo tukiwa majumbani, tukitandika vitanda.

Kadi iliyompa sifa kuliko zote ni ile ya mvua za kwanza. Haikutokana na gunia wala kichana. Ilitokana na ukuta wa nyuma wa chumba cha kukaushia. Fundi aliyeupiga lipu zamani, inasemekana, aliishiwa mchanga laini, akamalizia kwa kukwaruza saruji mbichi kwa ufagio, mistari ikashuka kwa mshazari kutoka juu hadi chini. Wengine waliona kazi ya kulipua. Mama Unyevu aliona mvua. Kila masika yalipokaribia aliubandika ukuta ule karatasi kama anayemfunga mgonjwa bandeji.

Tangu apewe tarehe ya kustaafu, jambo moja lilimkosesha raha: nani ataendeleza kadi ya mvua? Aliyemtaka ni Dada Shoto, mkataji wetu, anayetumia mkono wa kushoto na mkasi usioazimwa na mtu. Dada Shoto alikataa kila alipoombwa. Alisema yeye ni wa kukata, si wa kuamsha karatasi, na kwamba mkono wake ungeuaibisha ukuta. Mama Unyevu hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba ukuta upo, utamngoja.

Wiki mbili zilizopita alipokuwa likizo, kamati ya sherehe hii iliamua kumfurahisha. Chumba cha kukaushia ndicho kikubwa kuliko vyote, basi tukaona tumuagie humo, na ukuta wa nyuma ulionekana mbaya kwa wageni. Fundi aliyeitwa kuupiga lipu upya ni shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mumewe, mwashi hodari. Kwenye kamati hakukuwa na mtu wa chumba kile. Kila mmoja alijua kadi ya mvua. Hakuna aliyejiuliza mvua ile inatoka wapi.

Asubuhi ya kazi hiyo Mama Unyevu alipitia kuchukua miwani aliyoisahau. Shemeji mtu alikuwa juu ya ngazi akimalizia, mwiko mkononi. Alimkaribisha kwa mbwembwe, akamwambia ukuta ameunyoosha kama shati la bwana harusi, na kwamba malipo yake ni chai, atakuja kuinywa kwake. Mama Unyevu aliusogelea ukuta. Aliweka kiganja karibu na ukuta bila kuugusa. Dada Shoto, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeangua kilio, na kwa kilio hicho ndipo fundi alipoelewa. Alishuka ngazi kinyumenyume, utani umemkauka.

Aliyewahi kuhama kwao anajua: vyombo hubebwa, ukuta hubaki nyuma. Huu haukubaki hata huko nyuma. Tulitegemea lawama, na tulizistahili.

Badala yake Mama Unyevu aliuliza saruji itakauka lini. Shemeji akasema ikifika chai ya saa nne itakuwa imeshika. Basi bado ina unyevu, akajibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikawa ya kawaida. Akaagiza ufagio wa uani. Fundi alimnyooshea yeye, lakini hakuupokea. Alisema mkono wake unaondoka naye mwisho wa mwezi, na ukuta unataka mkono utakaobaki. Akamwelekezea Dada Shoto kidevu.

Dada Shoto alipanda ngazi akiwa bado anapangusa machozi. Mistari ya kwanza ilitetemeka, na shemeji mtu akaanza kusema kitu. Mama Unyevu akamwambia ashike ngazi, anyamaze, hiyo ndiyo chai yake. Mistari ikaendelea kushuka, mipana, mizito, hadi sakafuni. Tulipoitazama kwa mbali tukacheka. Mkono wa kushoto una njia yake. Mvua ya zamani ilitoka kulia. Hii inapigwa na upepo wa kutoka upande wa pili.

Ukuta ulipokauka tulibandika karatasi ya kwanza na kumtengenezea Mama Unyevu kadi ya kumuaga. Alifumba macho, akapitisha kidole, akaturudishia: imelala. Alikuwa sahihi, tuliilowesha kupita kiasi. Dada Shoto aliirudia peke yake.

Mama Unyevu, tunakushukuru kwa kila kilichopita chini ya kijiko chako, koti la meneja likiwemo. Tunamshukuru mumeo, aliyelala miaka yote hii kwenye shuka zenye gundi. Afya yako iwe njema, nyumba yako ijae wajukuu na kelele, na popote utakapokaa maisha yakukalie vizuri. Bahasha iliyo mezani kwako ina ile kadi ya pili. Ifungue mbele yetu, fumba macho, pitisha kidole. Tutajua kwa ukimya wako.